Mkurugenzi na Gari la Jumapili

Mtu ninayetaka kumweleza hapa hakuwahi kuwa mkurugenzi wa kitu chochote mpaka alipoanza kuota mvi. Jina hilo alipewa na mama yangu akiwa bado mtoto, kwa sababu alipokuja kula kwetu alikuwa akipanga nani akae wapi na nani anyamaze. "Haya, Mkurugenzi amefika," Mama alikuwa akisema akimwona mlangoni na kijiko mkononi. Alikuja na kijiko cha kwao. Chakula hakuwa nacho, kijiko alikuwa nacho.

Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ukuta mmoja. Mama yake alikuwa mgonjwa wa kitandani na baba yake mtu wa safari zisizoisha, kwa hiyo alikulia kwetu. Aliugua surua kwetu, alichapwa kwetu, viatu vyangu vikinibana alivaa yeye. Mtu akimuuliza Mama ana watoto wangapi, alisema watatu: mimi, dada yangu na Mkurugenzi.

Mimi nilikuwa na haya kupita kiasi, na hata sasa sijabadilika sana. Dukani alisema yeye, shuleni alijibu yeye. Nilipotaka kuoa, aliyefuatana na wazee kwenda kueleza shida yangu ni yeye, na aliieleza vizuri mpaka mke wangu akaniambia baadaye kwamba nusura amkubali msemaji. Aliniita Bubu. Sikuchukia. Mtu mmoja akiwa na mdomo wa kuwatosha wawili, mwenzake anapumzika.

Baba alikuwa dereva. Alimwendesha mkubwa mmoja wa ofisi katika gari jeupe la milango minne, gia ikiwa kwenye usukani, na kiti cha mbele kirefu kama benchi. Siku za kazi lilikuwa gari la mkubwa. Jumapili mkubwa alikula, akalala, na usingizi wake wa mchana ulijulikana mtaa mzima. Hapo ndipo Baba alipokuwa akilitoa gari uani kwa mkubwa. Hakuliwasha. Aliweka bega kwenye nguzo ya mlango, mkono mmoja kwenye usukani, akalisukuma hadi nje ya geti. Mlinzi aligeukia ukutani akijifanya anakojoa. Sisi tulimngoja kwenye kona, tumeoga, tumepakwa mafuta mpaka tunang'aa. Mama alikaa mbele amempakata Mkurugenzi, maana ndiye aliyekuwa mdogo kwa umbo na akikaa nyuma alitapika. Tulizunguka barabara kubwa, tukaenda hadi darajani, tukarudi. Mafuta yalikuwa ya Baba mwenyewe, kopo alilolinunua. Kisha tulilisukuma tena hadi ndani, sote, tukikanyaga kwa vidole kama wezi.

Nimeandika kama wezi, na neno hilo ndilo lililotuumiza. Baba alijua anachofanya hakina ruhusa. Kila tulipomaliza alituwekesha mikono juu ya boneti likiwa bado la moto na kutuambia tuseme, "Sijaona, sijapanda." Mkurugenzi alisema kwa sauti kuliko wote.

Jumapili moja mkubwa aliamka mapema. Baba hakupigwa wala kushtakiwa. Siku iliyofuata, mbele ya wafanyakazi wenzake, aliambiwa aweke ufunguo mezani na atoke. Tangu hapo palipotajwa jina lake, neno mwizi lilikuja nyuma yake kama mkia. Alitengeneza baiskeli kwa miaka mingi. Hakuongea juu ya jambo lile, na sisi hatukuongea.

Kisha siku moja alisikia kwamba lile gari limetupwa nyuma ya ofisi, majani yanaota kwenye sakafu, linauzwa kama chuma chakavu. Akalinunua. Jirani mmoja alimuuliza kama anataka kufugia kuku. Lilikaa uani kwetu juu ya matofali, na Baba alilijenga kidogo kidogo, leo kabureta, mwakani breki. Siku lilipowaka alivaa shati jeupe, akamkalisha Mama mbele, akapita nje ya ile ofisi mchana watu wakitoka kula. Alikwenda gia ya pili, polepole, injini ikiunguruma. Hakupiga honi. Wala hakugeuza shingo. Aliporudi aliniambia, "Haya. Sasa limetoka kwa mlango." Maneno yake juu ya habari ile nzima yalikuwa hayo tu. Alipofariki gari likabaki kwangu.

Mkurugenzi kwa wakati huo alikuwa ameshauza magodoro, ameshauza sabuni ya kuondoa madoa ambayo iliondoa na kitambaa chenyewe, na ameshakodisha viti vya misiba. Alinijia na wazo.

"Bubu, watu wana hamu ya gari la baba yao."

"Gari gani?"

"Ndiyo hilo sasa! Si haya ya harusi yenye maua. Gari la kawaida. Gari la mwalimu, gari la nesi, teksi ya zamani. Mtu anatoa pesa, anaendesha siku moja, anavuta harufu ya kile kiti, analia kidogo, anarudi nyumbani amepona. Sisi tunalo la kuanzia. Lile la Mzee."

Nilisema nitafikiri. Mama alisema, "Kama ni Mkurugenzi, mpe. Huyo ni mtoto wa humu."

Tukakodi kiwanja chenye bati upande mmoja na geti la chuma, na baada ya muda tukawa na magari kadhaa, yote ya kawaida, yote ya kubembelezwa. Kwa sababu hiyo kila gari likitoka, mtu wetu mmoja alikaa kiti cha nyuma kuangalia sindano ya joto la injini na kujua breki ya mkono inavutwaje. Mtu huyo nilikuwa mimi.

"Umezaliwa kwa kazi hii," Mkurugenzi alisema. "Wewe ukikaa nyuma ni kama hakuna mtu. Watalia, watagombana, watabusiana, wewe unatazama sindano."

Na kweli nilifurahi katika kazi ile. Alikuja mzee mmoja aliyetaka kagari kadogo ka nesi, akazunguka nako uwanja wa mpira kwa gia ya kwanza tu, injini inalia kama inachinjwa. Nilijikaza nikamwambia anaweza kuongeza. "Hapana," akasema, "mama yangu hakuwahi kufika gia ya pili." Walikuja ndugu wawili wenye ndevu nyeupe wakagombania kiti cha mbele mpaka mmoja akasema atamshtaki mwenzake kwa mama, na mama yao alikuwa ameshakufa siku nyingi. Niliwapenda watu wale. Niliwaona kama wagonjwa wema.

Gari letu jeupe ndilo lililoanza kutafutwa kuliko yote. Na wateja wake walikuwa na tabia moja ngeni: hawakutaka liwashwe ndani ya kiwanja. Walitaka kulisukuma hadi nje ya geti, halafu ndipo waliwashe. Walisukuma wakicheka na kuambiana, "Shh! Shh!" Wengine walikwenda kwa vidole.

Nilimuuliza Mkurugenzi.

"Wateja hao," akasema akifungua soda. "Wanataka jasho kidogo wajisikie wako zamani. Si unajua magari ya zamani yalisukumwa?"

Nilikubali. Mtu anaweza kujiuliza nilikubalije, mimi niliyemwona baba yangu akisukuma gari hilo hilo. Jibu ni kwamba habari ile ilikuwa ya watu watano, na mmoja wao amelala kaburini. Haikunipitia akilini kwamba inaweza kuwa mahali pengine. Niliona watu wanasukuma gari, na nikawasaidia. Niliwaonyesha mahali pa kuweka bega. Nilicheka pamoja nao.

Siku moja gari lilikodiwa na mtu na mkewe, watu wachangamfu. Tulipofika barabara kubwa mke akageuka akaniangalia.

"Samahani baba, eti mwizi mwenyewe alifungwa miaka mingapi?"

"Mwizi gani?"

"Si huyu wa gari hili. Yule dereva."

Mume akacheka. "Muache, mwenzako yuko kazini. Hajui hadithi."

"Asijue vipi na ndiye analilinda? Baba, hujui? Alikuwa anamwibia bosi wake gari kila Jumapili, anampeleka mkewe matembezi. Na mke naye anavaa gauni la mke wa bosi, wanalianua kwenye kamba! Siku walipokamatwa mke akavuliwa lile gauni barabarani." Akajifuta machozi ya kicheko. "Mungu wangu, zamani watu walikuwa na vituko."

"Nani amewaambia?" nikauliza.

"Yule bwana wenu. Anasimulia huyo! Hata kwenye tangazo lenu la simu gari limeandikwa hivyo, Gari la Mwizi."

Sindano ya joto ilipanda siku hiyo na sikuiona. Mvuke ndio ulionizindua.

Nilimkuta Mkurugenzi amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya bati. Nilisimama mbele yake na maneno hayakutoka. Aliyatoa yeye.

"Umesikia."

"Gauni," nikasema. "Gauni umelitoa wapi?"

"Bubu, kaa kwanza."

"Mama alikuwa na gauni lake. La bluu. Wewe ulilitapikia."

"Najua. Sikiliza. Hadithi ikiwa kavu haipiti kooni. Niliwaambia ile ya kweli mwanzoni, wakasema aa, sawa, wakaenda kuchukua teksi. Nikatia chumvi kidogo. Jina sikutaja. Nani anamjua Mzee leo? Ameshapumzika."

"Mama hajapumzika."

Akasimama akanishika mabega. "Ndugu yangu, nimekosa. Kuanzia leo nimeacha. Mama yule ni mama yangu pia. Haki ya Mungu, nimeacha."

Nilimwamini. Sikumwambia mke wangu wala Mama. Nilifikiri limeisha, na kwa siku kadhaa gari liliwashwa ndani ya kiwanja kama magari mengine. Baadaye niligundua kwamba aliniondoa tu. Alinipanga na magari mengine, na siku za gari jeupe alimweka mtu mwingine nyuma.

Jumamosi moja nilirudi na kale kagari ka nesi nikakuta watu wengi kiwanjani kwetu, simu zimeinuliwa juu. Katikati yao lilikuwa gari letu, limeoshwa, milango wazi. Kiti cha mbele alikuwa amekaa Mama.

Alikuwa amevaa vizuri, kitambaa kipya kichwani, mikono juu ya mapaja. Watu walipanga mstari kupiga naye picha. Na Mama alikuwa anatabasamu. Miaka mingi sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo mbele za watu. Aliponiona alinipungia mkono nije.

"Mwanangu, kumbe!" akasema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika. "Mkurugenzi amenifuata nyumbani, akaniambia watu wanataka kunisalimia. Watu wote hawa wanamkumbuka baba yako. Mimi nilidhani wamemsahau."

Nilimtafuta Mkurugenzi kwa macho. Alikuwa karibu na geti, anapanga watu, huyu akae hapa, yule asogee. Alikwepa macho yangu.

Nilitaka kumtoa Mama garini. Lakini nimtoe nikimwambia nini? Nikimwambia ukweli nitalizima lile tabasamu kwa mkono wangu. Nikinyamaza atakaa pale kama kikaragosi. Nilikuwa bado nimesimama na mkono juu ya mlango wakati msichana mmoja mwenye miwani alipoinama dirishani, akamshika Mama mkono kwa heshima kabisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, usikasirike, nataka kujua tu. Lile gauni la mke wa bosi, walipokuvua, ulirudije nyumbani?"

"Gauni gani, mwanangu?"

Msichana akacheka akidhani Mama anatania. "Hee, bibi bado anakana! Mwizi hakiri jamani!" Na wa nyuma yake wakacheka naye, kwa upendo, kama watu wanavyomcheka bibi yao.

Mama hakucheka. Alitazama zile nyuso moja baada ya nyingine. Kisha alinitazama mimi, na usoni kwangu akasoma yaliyobaki. Akaondoa mikono kwenye mapaja, akashuka garini taratibu, akataka kujua Mkurugenzi yuko wapi. Watu wakampisha.

"Mwanangu," akamwambia, "wanasema baba yenu alikuwa mwizi."

"Mama, ni biashara tu. Ni maneno ya kuchangamsha watu."

"Sawa. Katika maneno hayo, mimi nimo?"

"Umo, Mama, lakini—"

"Watoto wangu wamo?"

Mkurugenzi akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza. Wewe ulikaa wapi kwenye hilo gari?"

"Mama..."

"Nilikupakata. Siku zile zote nilikupakata wewe, wangu wakikaa nyuma. Katika hadithi yako umejiweka wapi?"

Alijibu kwa sauti ndogo, na nadhani kwa mara ya kwanza maishani alisema kitu bila kukipamba. "Sikujiweka, Mama. Watoto wakiwa wengi, watu hawacheki."

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia na kuielewa. Akarudi garini akakaa mahali pake. "Twende," akaniambia.

Ufunguo ulikuwa kwenye dashibodi. Nilikaa kwenye usukani, nikaliwasha pale pale katikati ya watu, na Mkurugenzi mwenyewe akaja kutufungulia geti. Nilitegemea atabisha, atasema biashara itakufa. Alisema tu, "Lichukueni. Gari ni lenu." Wakati ule nilidhani ni aibu iliyomfanya awe mwepesi hivyo.

Njiani Mama hakulia. Aliuliza swali moja. "Na lile la darajani, jinsi baba yako alivyokuwa anasimama tutazame maji, hilo amewaambia?"

"Hapana, Mama."

"Afadhali," akasema.

Dada yangu alipopata habari alitaka kwenda kumtukana mbele ya wateja wake, na mke wangu alitaka kumsindikiza. Mama aliwakataza. Alisema mtoto uliyemlea akikuumiza huna wa kumshtakia, maana watakuuliza nani alimlea. Tangu siku hiyo hajapanda tena lile gari. Nikilitoa kulipasha moto husema ana kazi jikoni, au miguu inauma, au jua kali. Picha ya Baba aliyokuwa ameiweka sebuleni ameipeleka chumbani. Mtu akimuuliza ana watoto wangapi bado anasema watatu, lakini sasa anafikiri kidogo kabla ya kujibu.

Nilirudi kwenye kiwanja mara moja tu, kuchukua spana zangu. Geti lilikuwa wazi na kundi la watu lilikuwa linatoka, wanasukuma gari, "Shh! Shh!" Lilikuwa jeupe, la milango minne, gia kwenye usukani. Kwa mtu asiyejua, lilikuwa ndilo lile lile. Mimi niliona mara moja kwamba taa za nyuma si zake na kwamba rangi haijakauka vizuri. Halikuwahi kumwona baba yangu, na yeye hakuwahi kuligusa. Mkurugenzi alikuwa anatembea kando yao, mikono hewani, anasimulia. Nikasikia neno gauni.

Gari likakwama kwenye kizingiti cha geti. Mtu mmoja mnene, jasho likimtoka, akaniona nimesimama.

"Mzee, njoo utuongezee nguvu! Tunaiba gari hapa!"

Wakacheka. Mkurugenzi akageuka, akaniona, na mkono wake mmoja ukabaki hewani.

Sijui nguvu ya kusema niliitoa wapi. Nilisogea hadi kwenye boneti na nikasema kwa sauti ambayo sikuijua. "Aliyekuwa akisukuma gari lile alikuwa baba yangu. Hakuiba. Mafuta alinunua yeye. Mama yangu alivaa gauni lake mwenyewe, la bluu. Na huyu anayewasimulia alikuwemo. Alipakatwa na mama yangu. Alikula kwetu, alilala kwetu, na aliapa kama sisi."

Yule mnene alinitazama, akamtazama Mkurugenzi, akanitazama tena, na uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Aisee," akasema, "mpaka na mtoto wa mwizi wamemweka! Hii imekaa vizuri!"

Akaanza kupiga makofi. Wengine wakapokea, mmoja akapiga mluzi, mwingine akaomba nirudie ili anirekodi kwa simu. Nilimtazama Mkurugenzi nikingoja aseme neno, neno moja tu, awaambie kwamba mimi si wa maonyesho. Alitazama chini kidogo. Kisha akainua mikono na kupiga makofi pamoja nao.